Msano na Mbili

Bibi yangu hasemi sita. Wala saba, wala nane, wala tisa. Amekaa Dar miaka mingi kuliko umri wa mama yangu, kwanza Mtoni na sasa Chamazi, na Kiswahili chake kimenyooka kiasi cha kumsuta mtu mpaka akahama mtaa. Lakini akianza kuhesabu tu, anarudi kwao Tunduru. Anafika msano, ndiyo tano ya Kiyao, kisha anaanza upya: msano na moja, msano na mbili, msano na tatu, msano na nne. Kumi anaiita likumi, hapo anavuta pumzi.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini asiseme sita kama watu wengine. Akanishika mkono, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja mpaka ikawa ngumi.

"Huu umejaa," akasema. "Ukishajaa unauacha, unakwenda mkono wa pili. Haya, hiyo sita yenu iko kidole gani, nionyeshe."

Nikaanza kuvikunjua vidole nikiitafuta.

Shule niliishia kidato cha pili, ila hesabu hiyo haikunitoka. Siku hizi nasuka nywele kwenye saluni moja karibu na kwetu, na mistari ya kichwa naihesabu hivyo hivyo, msano upande huu, msano na mbili upande ule. Wateja wananicheka. Mie waache wacheke, niko mbali, nawaza saluni yangu mwenyewe, kioo ukuta mzima, na chini mikeka ya Bibi badala ya zulia.

Maana Bibi ni msusi wa mikeka. Chane za ukindu zinapita vidoleni mwake kwa mafungu ya msano, na tangu nipate akili sijamwona akitazama anachosuka. Anatazama barabara, anamsema mtu, anacheka, vidole vinaendelea na kazi. Ndiyo sababu tulichelewa kujua kwamba macho yake yameingia ukungu. Tulijua siku alipomfukuza mbuzi barazani kwa fimbo, na mbuzi mwenyewe ni mfuko wa saruji.

Mtoto wa jicho, majirani wakasema, macho yote mawili. Dawa yake upasuaji, na Bibi hataki kuusikia. Shoga yake alishamwambia kwamba jicho linatolewa, linaoshwa, linarudishwa.

"Sasa wakilirudisha kinyumenyume," akaniuliza, "niwe naangalia ubongo?"

Wapima macho walipokuja zahanati ya jirani, nikambembeleza akapimwe tu, kupimwa hakuna kisu. Akakubali upesi mno. Kwenye benchi alikaa kimya, kichwa kakiinamisha kama anasinzia. Zamu yake ilipofika, dada mmoja akasimama kule mbali na kunyoosha vidole.

"Bibi, hivi vingapi?"

"Viwili."

"Na hivi?"

"Vinne."

"Hapa je?"

"Kimoja."

Vyote sawa. Yule dada akaandika, akampa dawa ya matone, akaita mwingine. Kurudi nyumbani Bibi alitembea kwa maringo, mkono begani kwangu. "Umeona, mke mwenzangu? Macho ya mwari haya." Bado nilikuwa naufikiria ule mfuko wa saruji.

Dada yangu alikuwa anakaribia kuolewa, na Bibi alikuwa anamsukia mkeka. Mpango wake ulikuwa chane msano za kijani, nyeupe moja, mbili za zambarau, nyeupe moja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jioni moja akaniambia niukunjue nimpe sifa zake.

Nikaukunjua. Hesabu haikukosea mahali popote. Chane ya rangi inakwaruza kidogo na nyeupe ni laini, kwa hiyo mafungu yalikaa yote, msano, mbili, msano, mbili. Lakini kijani na zambarau zilikuwa zimejichanganyia zinavyotaka.

"Umekuwa bubu?" Bibi akauliza.

Ningeweza kusema umependeza. Dada angeutandika hivyo hivyo, na wageni wangenyamaza kwa heshima. Ila nilimwona amekaa pale na tabasamu lake, uso kauelekeza pembeni kidogo ya nilipokuwa. Nikasema, "Bibi, rangi zimechanganyika."

Akaupapasa mkeka, taratibu, kama anayemtafuta mtu kitandani.

"Msano ya kwanza ina nini?"

"Kijani tatu, zambarau mbili."

"Ya pili?"

"Kijani zote."

"Hiyo nimepatia," akasema. "Kule zahanati sikuona kitu. Walionitangulia wote walijibu viwili, vinne, kimoja. Nikasikiliza, nikashika."

Nikataka kucheka, machozi yakawahi. Bibi akanivuta kanga. "Usinililie, sijafa. Siku hiyo ya kisu utakaa karibu?"

"Nitakaa mlangoni."

"Na uwaambie wasilitoe lote."

Hospitalini wakaanza na jicho la kulia. Nilikaa mlangoni kama nilivyoahidi, nakunja vidole na kuvikunjua. Daktari alipotoka akauliza nani kaja na bibi anayehesabu. Nikasimama. Kumbe chini ya kitambaa walichomfunika uso Bibi alihesabu mwanzo mpaka mwisho. Akifika likumi anaanza tena.

"Mara arobaini nzima," daktari akasema. "Nami nikawa namfuata."

Asubuhi yake bandeji ikafunguliwa. Bibi akapepesa, jicho jekundu, maji yanamtoka. Daktari akarudi nyuma hatua kadhaa, akanyoosha mkono mmoja mzima na vidole viwili vya mwingine. Safari hii Bibi alikuwa wa kwanza. Hapakuwa na wa kumsikiliza.

Akautazama mkono wa kwanza, kisha wa pili.

"Msano na mbili," akasema.

Daktari akanigeukia. "Ndiyo ngapi hiyo?"

"Saba," nikasema.

"Na kucha ya kidole gumba chako imekatika," Bibi akaongeza. "Oa, upate wa kukutazama."

Nyumbani jambo la kwanza alidai mkeka. Akaushika mbali, akausogeza karibu, akafyonya.

"Nani kaniharibia mkeka?"

"Wewe, Bibi."

"Mie sisuki ovyo hivi." Akaugeuza upande wa pili, akaona ni kweli. "Harusi lini?"

"Jumamosi."

"Leo?"

"Jumapili."

Akakunja vidole. "Zimebaki msano na moja. Zinatosha."

Daktari alikuwa amekataza kuinama, kwa hiyo nikamwekea kiti, nami nikakaa chini kumfumulia na kumpokeza chane. Mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona Bibi anatazama mikono yake ikisuka. Kila baada ya muda anainua chane moja mbele ya uso wangu.

"Hii rangi gani?"

"Zambarau."

"Najua. Nakupima wewe."