Sufuria la Modesta Halirudi Tupu

Kule milimani, juu ya Matombo, mahali ambapo wingu linaingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, kuna mwanamke anaitwa Modesta. Ukimkuta mwezi wa sita utaona mtu wa kawaida tu, kanga kiunoni, jembe begani, anatukanana na nyani wanaomlia ndizi zake. Usidanganyike. Mkute Desemba. Desemba Modesta hatembei, anapita. Watu wazima wenye wajukuu wanamwamkia asubuhi, na wakimkuta tena kisimani wanamwamkia upya kana kwamba usiku umeingia katikati.

Wanachomwamkia ni sufuria.

Na usifikirie sufuria kama hilo lako la kuchemshia maharage. Hili mtoto anaingia anaoga, na mdogo wake anakaa pembeni anasubiri zamu. Mjomba wake Modesta alikuwa mpishi kwenye shamba la mkonge. Shamba lilipofungwa wenzake wakaondoka na magodoro, yeye akaondoka na sufuria. Alipanda nalo mlima kichwani, mvua inanyesha, limemfunika mpaka mabegani, watoto wakakimbia nyumbani kusema wameona sufuria lina miguu ya mtu. Modesta alipoolewa na Elia, mjomba akampa zawadi. Wengine hupewa kitanda.

Kijiji kizima hakikuwa na lingine la ukubwa ule. Sasa Krismasi inapofika, milima ile inajaa watu. Waliotawanyika Dar, Kihonda, Gairo, wote wanarudi kwao, nyumba ya kulala wanne inalala ukoo. Pilau la ukoo utapika kwenye kikaango? Kwa hiyo Majilio yakianza tu, wiki nne kabla ya Krismasi, watu wanaanza kupanda kwa Modesta na sauti laini, wanauliza habari za mgongo wake. Modesta anawapangia zamu. Huyu atachukua mkesha, yule mchana wa Krismasi, yule jioni, wengine mpaka Mwaka Mpya. Ukiwa umemkosea, umekwisha. Yakobo, muuza mkaa, mwaka mmoja alicheka Modesta alivyoimba kanisani, akapangiwa Januari. Alikula Krismasi wakati wenzake wanapanda mahindi.

Na utamu wenyewe uko hapa. Desturi ya kule, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiazima bakuli rudisha na kitu, hata ndizi mbili. Ukiazima sufuria la pilau, unarudisha na pilau, na nyama juu, na kachumbari pembeni. Kila nyumba. Kwa hiyo tangu aolewe, Modesta hajawahi kupika siku ya Krismasi. Anakaa kibarazani na gauni jipya, anasubiri sufuria lirudi, analifunua, anaonja, anasema, "Mh, hawa chumvi wameogopa."

Tena ni bahati kwamba hapiki, kwa sababu hajui. Pilau alipika mara moja, akiwa bibi harusi. Elia alikula, akasema asante mke wangu, akachukua panga akaenda kulala shambani, eti kuna nguruwe pori.

Basi mwaka jana, Majilio yalipoanza tu, akaja Winfrida.

Winfrida ni binti wa pale pale, aliolewa Kihonda, ana kibanda cha chakula, wafanyakazi wa viwandani wanakula kwake. Alirudi kusherehekea kwao, na juu ya gari alilokuja nalo kulikuwa na masufuria matatu yanayong'aa mpaka kuku wakayakimbia. Kila moja ukubwa wa lile la Modesta. Akayapanga mbele ya nyumba ya mama yake, akatangaza: anayetaka aje achukue. Bure. Hakuna zamu. "Na mkirudisha msihangaike kuweka chakula," akasema. "Lioshwe tu, mimi nimetosheka."

Habari ilimfikia Modesta kwa Mwanvita, jirani yake, mama wa Kiislamu ambaye Krismasi haijawahi kumpita hata moja.

"Shoga, umesikia? Eti lirudi tupu!"

"Tupu?" Modesta akakaa chini. "Sufuria lirudi tupu, kwani limetoka kuzika?"

Siku zikaenda. Hakuna aliyepanda. Hakuna aliyeuliza mgongo. Modesta alilisugua sufuria kwa mchanga na jivu, akalianika kwenye uzio ambapo mpita njia angeliona hata kama hataki. Watu wakapita, wakaamkia mara moja tu, wakaenda zao.

"Mke wangu," akasema Elia, "mwaka huu tutakula nini?"

"Watakuja."

"Na wasipokuja?"

"Elia, watakuja."

"Mimi naona tuna sukari," akasema Elia. Binti yao Jesca, anayefanya kazi ya usafi Mzumbe, alikosa ruhusa ya kuja, akatuma mfuko mkubwa wa sukari na majani ya chai. "Tutakaa hapa tunailamba. Nitaanza mimi, halafu wewe."

Kumbuka, Modesta hakuwa na shida ya njaa. Ndizi zilikuwepo, mihogo ipo. Kilichomkereketa ni kwamba jioni ya Krismasi, meza yake ingekuwa na mihogo, na kijiji kizima kingejua. Kuomba hawezi. Mtu aliyekuwa anapangia wenzake siku ya kula, leo ashike sahani aende kwa Winfrida? Bora nyani wamchukue.

Krismasi ikafika. Misa ya kigango ikaisha, watu wakatoka nje wanang'aa, kila mtu na nguo mpya na kiatu kinachombana. Yakobo akaona hapo ndipo pa kulipizia ile Januari yake.

"Mama Sufuria, shikamoo! Eti sufuria limestaafu?"

Watu wakacheka. Modesta alikuwa ameshampa mgongo. Angeenda zake tu, mambo yangeisha. Lakini mdomo wake haujawahi kumsubiri.

"Kwenu limestaafu," akasema. "Leo linapika kwake. Mwaka huu napika mwenyewe."

Watu wakageuka wote.

"Wewe?" akauliza Mwanvita, aliyekuwa amepita hapo kusalimia watu wa sikukuu. "Unapika?"

"Napika. Harufu itawafuata huko huko mliko."

Elia, nyuma yake, alikuwa anatazama viatu vyake kama mtu anayeviaga.

Nyumbani hesabu ilikuwa fupi. Mchele ulikuwepo, wa kikombe. Kuku alikuwepo, mmoja, na alikuwa ameshasoma mazingira, yuko juu ya mfenesi. Modesta akasema hakuna haja. Watu wanataka harufu? Watapata harufu. Akawasha moto mkubwa kwenye jiko la uani, akalijaza sufuria maji mpaka katikati, akalifunika. Halafu akaingia stoo, ambako viungo vya shamba lake vilikuwa vinasubiri kushuka sokoni Morogoro. Magome ya mdalasini akavunja urefu wa mkono mzima. Karafuu, iliki, tangawizi, pilipili manga. Na binzari nyembamba konzi moja, kwa sababu bila hiyo nani ataamini ni pilau?

"Sasa tunakula nini?" akauliza Elia.

"Tunakula heshima. Chochea moto."

Likachemka. Mungu wangu, lilinukia! Wingu lilikuwa limeshuka, likaichukua ile harufu likaiteremsha nyumba hadi nyumba. Kijiji kizima watu walikuwa wameshiba pilau la masufuria yanayong'aa, na bado wakainua pua.

Modesta akakaa kibarazani, akakunja nne. Alichosahau ni kitu kimoja. Watu wale wamemlisha miaka yote. Leo anapika kwa mara ya kwanza tangu awe bibi harusi, halafu wabaki nyumbani? Hata aliyeshiba mpaka shingoni lazima aje aone.

Elia ndiye aliyewaona kwanza. "Modesta. Wanapanda."

"Nani?"

"Uliza nani hapandi."

Mbele Mwanvita, nyuma yake Yakobo, nyuma yake Winfrida na mama yake na watoto na wageni wa Dar na viatu vyao vya kuteleza. Kila mtu kashika sahani.

"Nijifanye mgonjwa?" akanong'ona Elia.

"Ukiugua ndiyo watalala hapa hapa wakuangalie!"

"Basi ugua wewe."

Hodi zikapigwa, karibu ikaitikiwa kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Na mvua nayo ikaanza, ile ya mlimani isiyo na haraka. Watu wakajibana chini ya paa la jiko na nguo zao mpya, wanatetemeka, mafuta ya nyama yamewaganda kooni. Modesta akasema bado, halijaiva, tuzungumze kwanza. Lakini Yakobo hakuja kuzungumza. Akashika mfuniko kwa pindo la shati lake jipya, akaufunua.

Mvuke ukapanda. Ukatulia. Yakobo akaingiza shingo.

"Mbona ni maji?"

Shingo zote zikaingia. Maji, na magome yanaelea.

Modesta alimwangalia Yakobo. Akawaangalia watu, namna wanavyotetemeka, namna Mwanvita anavyosogeza mikono kwenye ule mvuke. Akasimama taratibu kama mtu aliyekuwa anaisubiri dakika hiyo tangu Majilio.

"Ulitaka iwe nini, Yakobo? Unga?" akasema. "Elia! Lete sukari ya Jesca na majani. Kijiji kizima mmejipikia pilau, nani kati yenu amefikiria chai?"

Hakuna aliyefikiria.

"Si ulisema unapika pilau!" akalalamika Yakobo.

"Nilisema napika. Pilau ulisema wewe, na tumbo lako."

Sukari yote ikamiminwa. Mwanvita akashika mwiko akakoroga, akaonja, akafumba macho. "Mh! Shoga! Hii chai inapiga mpaka magotini." Akaonja tena. "Ila mbona kama ina binzari nyembamba?"

"Ndiyo chai ya Krismasi. Nyie mnakunywa ya Idi."

"Ya Idi nakupikia mimi kila mwaka, hujawahi kulalamika."

Shida ikabaki moja, watu wamekuja na sahani. Chai ya moto kwenye sahani, kwenye mvua? Hapo ndipo kichwa cha Modesta kilipowaka kuliko moto wake. Akaingia ndani akatoa kila chenye shimo, vikombe, mabakuli, makopo, jagi la maua la harusi yake, chupa ya chai ya Jesca, hata kidumu cha Elia cha shambani. Wakanywa, wakarudia. Waliotaka kuondoka akawajazia tena.

"Mpelekee bibi nyumbani, naye apate joto. Nenda nacho tu hicho kikombe. Ila ni changu, eh? Nakijua."

Akarudia kwa kila mtu, polepole, kwa mkazo. *Ni changu.* Winfrida akapewa jagi la harusi. Akalishika, akaliangalia, akamwangalia mama yake, na mama yake akamkazia jicho moja tu. Yale maneno ya kurudisha chombo kitupu aliyasema kuhusu vyombo vyake yeye. Jagi la Modesta lilikuwa na sheria zake za zamani.

Mvua ilipokatika vyombo vikaanza kurudi. Kikombe kina pilau. Bakuli lina nyama. Kopo lina maandazi, limefunikwa na sambusa. Kidumu cha Elia kilirudi na togwa. Yakobo alirudisha bakuli dogo, akalisukuma mezani, lina paja zima la kuku, na akaamkia mara mbili.

Mwisho akaja Winfrida, jagi limejaa nyama ya mbuzi mpaka mdomoni.

"Shikamoo mama. Jagi lako hili." Akaliweka mezani. "Mwakani mama... pilau mimi nitapika. Lakini ile chai..."

Modesta akavuta kiti, akaonja nyama, akatafuna.

"Chumvi mmeogopa," akasema. "Njoo Majilio yakianza. Nitakutafutia zamu."