Kikaango cha Tajiri

Harufu ya vichwa vya dagaa vikichemka hunirudisha Nyarugusu, kwenye uwanja wetu wa vumbi, mashine za karasha za majirani zikisaga mawe ya dhahabu kutwa nzima mpaka masikio yanazizoea. Tulihamia huko kutoka Shinyanga mjini nikiwa darasa la tatu, baada ya baba kufunga duka na kuingia kwenye dhahabu. Viroba vyake vya mawe vilirundikwa nyuma ya nyumba, na wezi wa mawe walikuwa wengi, kwa hiyo akaleta mbwa mwekundu mwenye masikio yaliyolala. Alimwita Tajiri, akisema angalau mmoja wetu ameshafika.

Ugomvi ulianza siku hiyo hiyo. Wachimbaji wenzake walikuwa wamemwambia baba kwamba mbwa wa mgodini hulishwa utumbo mbichi wenye damu ili awe mkali; akipikiwa analegea, anakuwa rafiki wa kila mtu. Mama hakutaka hata kusikia. Jirani yetu Mama Masanja, Msukuma mwenye mbuzi wengi, alikuwa amemwonya kwamba mbwa akishazoea damu hawaachi mbuzi wa watu, na kwamba mumewe humaliza mbwa wa namna hiyo kwa panga. Mimi nilikuwa nimeshampenda Tajiri, nikawa upande wa mama.

"Atapikiwa, Baba Zawadi," mama alisema, akimwita kwa jina langu. "Nitampikia mwenyewe."

Lakini sisi ni Waislamu, na mama kwenye mambo ya najisi hana mchezo. Chombo ambacho mbwa angetia mdomo kisingekuwa chetu tena. Nyumba nzima ilikuwa na chombo kimoja tu kisichopikiwa watu, nacho ni kikaango cheusi ambacho baba alikuwa akichomea dhahabu. Alichanganya unga wa mawe na zebaki, akakamua donge lake kwenye kitambaa, akaliweka kikaangoni juu ya mkaa mpaka zebaki ikaondoka na moshi, dhahabu ikabaki. Mama alikisugua kikaango hicho kwa majivu na mchanga mpaka akaridhika, akampikia Tajiri ugali wa dona na dagaa. Baba alicheka, akasema huyu sasa anakula kwenye chombo cha dhahabu. Siku za kuchoma kilirudi kazini, kisha mama akakisugua tena.

Tajiri alikula kiangazi chote. Mvua zilipoanza akawa anaacha chakula, mate yanamtoka, miguu ya nyuma inatetemeka, anazunguka viroba kana kwamba amesahau alikokuwa akienda. Baba alisema ndiyo matokeo ya kupikiwa, akaleta utumbo mbichi. Mama alisema utumbo ndio utammaliza, akaongeza dagaa. Kila mmoja alimbembeleza kwa chakula chake, ndani ya kikaango kile kile. Alikufa Ijumaa mchana, baba akiwa msikitini. Sikulia. Nilimtazama nzi akitembea juu ya jicho lake, halafu nikaenda kuteka maji kwa sababu ndoo zilikuwa tupu. Mama alikiosha kikaango na kumrudishia baba, naye akaendelea kuchomea miaka mingi, akiinamia moshi.

Sasa nimerudi Shinyanga mjini, naishi mtaa wa Kambarage, na baba anaishi nami. Mikono yake ilianza kutetemeka kabla ya uzee kufika. Daktari alimuuliza alifanya kazi gani, na baba alipotaja zebaki, daktari akaacha kuandika, akamuuliza aliuvuta moshi wake miaka mingapi. Namwekea chai nusu kikombe isimwagike. Majuzi binti yangu aliletewa mbwa mdogo, akaenda kumuuliza babu yake kama ampe nyama mbichi au ampikie. Baba alirudisha kikombe, kikigongagonga kwenye kisahani.

"Vyovyote, mjukuu wangu," akasema. "Muulize mama yako atamlishia kwenye chombo gani."

Nilingoja nione kama nitaumia. Sikusikia uchungu wowote. Nikachukua pochi, nikaenda dukani kununua sufuria mpya.