CD ya Dhahabu Ikwiriri

Mwaka niliotoka wodini, nyimbo zangu zote ziliharibika. Ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibiti, mtu wa kuja kutoka bara, na jioni nilifundisha kwaya ya kanisa letu dogo. Kifua kikuu kilinilaza, nikachomwa sindano kila siku kwa miezi miwili, nikapona. Niliporudi nyumbani nikawasha redio ya CD aliyoniletea kaka yangu kutoka Dar es Salaam, tuliyoiendesha kwa betri ya gari. Waimbaji walikuwa kama wamefunikwa blanketi.

Niliipangusa CD kwa kanga ya mke wangu, nikaweka nyingine. Zote vilevile. Miaka hiyo soko lilikuwa limefunguliwa, maduka yamejaa vitu vya Dubai, na vingine vilikufa kabla hujafika navyo nyumbani. Nikasema nimeuziwa takataka.

Lakini shida ikanifuata kanisani. Akina mama wa sauti ya kwanza niliwaona wakichezesha midomo tu. Nilimgombeza dada wa kayamba kwamba anaipapasa. Akaitikisa mpaka jasho likamtoka, nami nikamwambia aongeze. Darasani nilimuuliza binti mmoja tatu mara tatu, akajibu, nikamwambia amekosea, si sita. Wenzake wakanisahihisha. Alikuwa amesema tisa.

Mke wangu aliniomba nikapimwe masikio. Nikamjibu kuwa nasikia malori ya barabara kuu, nasikia jogoo wa jirani, kwa hiyo ubovu uko kwenye vyombo. Nadhani nilijua. Kichwani mlikuwa na mlio mwembamba kama wa panzi, nami sikumwambia mtu. Mtu asiyesikia hafundishi kwaya, na bila kwaya sikujua mimi ni nani katika nchi ile ya ugeni.

Ndipo mwalimu mwenzangu akanieleza habari za mzee mmoja mwenye duka Ikwiriri, wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mtoni. Mwanawe alinakili nyimbo Dar kwenye CD zenye tabaka la dhahabu, na sauti ya CD hizo, mwenzangu alisema, ni safi kama maji ya kisima. Wiki nzima sikuwaza kingine. Mke wangu alipokwenda shambani Mtawanya, nikachukua gunia la ufuta alioulima kwa mikono yake, ili nikaliuze, nikapanda nalo basi.

Yule mzee hakuwa na haraka. Nilipomwambia nataka CD zote za dhahabu alizonazo, aliuliza za kawaida zina kasoro gani. Nikamweleza. Akanitazama, akasema nyimbo hizohizo anazo kwenye CD za aina zote mbili, zimetoka chanzo kimoja. Nigeuke nitazame barabara, yeye azipige, nimwambie ipi ni ipi.

Mara ya kwanza nilisema hii ndiyo dhahabu. Ilikuwa ya kawaida. Mara ya pili nikakosea tena. Mara ya tatu nilisema kwa uhakika kwamba sasa nimeitambua; akaniambia hakuwa amebadilisha kitu. Hata yeye hawezi kuzitofautisha, alisema, wala mwanawe. Watu wanapenda rangi. Kisha akauliza polepole:

"Mwalimu, kayamba unaisikia?"

"Kayamba ipi?"

"Inapigwa tangu wimbo ulipoanza."

Niliinama mpaka shavu likagusa kitambaa cha spika. Nilisikia besi, nikasikia ngoma, na juu yake hapakuwa na kitu. Nikamwomba aniuzie ya dhahabu hata hivyo. Ndiyo, huku nikielewa kila kitu, nilimshika mkono mbele ya wateja wake nikamwomba.

"Siwezi," alisema. "Nitakuwa nimekuibia. Nenda hospitali, mwanangu."

Nilirudi na gunia lilelile. Mke wangu alikuwa ameshalikosa nyumbani, na alinikuta stendi nikihangaika kulishusha. Alisema maneno mengi, nami nikapata irabu tu. Nilimwambia pale pale, watu wakipita, kwamba simsikii. Akashika pembe moja ya gunia, mimi nyingine, tukaenda.

Hospitalini daktari alisema ni zile sindano zilizoniponya. Mishipa ya masikio ikishakufa haifufuki. Nilimuuliza kama ipo dawa ya bei kubwa zaidi. Akasema haipo, ya bei kubwa wala ndogo. Nilimuuliza tena nikidhani labda sikusikia vizuri, naye akaniandikia kwenye karatasi.

Shuleni niliendelea, watoto wakiandika majibu ubaoni. Kwaya nilimwachia dada niliyekuwa nikimgombeza. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kila nilipoanza alijibu jambo nisilolipata, nikawa naitikia kwa kichwa tu. Jumapili moja waliimba wimbo mpya ambao sikuwafundisha mimi. Watu wakasimama, wengine wakafuta machozi. Mke wangu akanigusa begani kuniuliza kwa macho kama ni mzuri. Nikamwambia ni mzuri sana, nikatoka nje kama mtu anayekwenda kunywa maji, nikasimama nyuma ya ukuta wa kanisa mpaka walipoanza kutoka.