Nilivyokagua makao ya wazee hapa Moro nikitafuta pa kumweka mama mkubwa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo nina la kwangu mwenyewe, ni kweli tupu, halina chai hata kijiko. Wale wa "lete picha" nawaambia mapema: wazee wa watu siwapigi picha.

Kazi yangu ni quality control kwenye kiwanda kimoja hapa Morogoro. Kwa kifupi nalipwa ili nitie mashaka. Hata sokoni wauza nyanya wananijua, nikikaribia wanafunika fungu zuri ili nisilivuruge.

Sasa twende.

Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu. Hakujaliwa mtoto, lakini mimi nimekulia mgongoni kwake kule Mgeta, milimani, akilima karoti na njegere kwenye miteremko ambayo mtu wa Dar akisimama tu anaporomoka. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye karoti zile.

Vuli iliyopita kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mdomo ulipona, na ulimi ukapona zaidi. Mkono na mguu ndiyo viligoma.

Nikamshusha kwangu Kihonda. Mke wangu anafundisha Dakawa, anaondoka asubuhi na mapema. Mimi naingia shift. Tukatafuta dada wa kazi wa kumwangalia.

Siku moja narudi namkuta mama mkubwa kalala chini, mlangoni mwa bafu. Dada yuko gengeni anapiga stori. Mama mkubwa hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba sakafu ina baridi.

Wakuu, niliingia chumbani kwangu nikakaa kitandani nikashindwa hata kuvua viatu. Mtu aliyenibeba mgongoni, mimi nimemwacha kwenye sementi.

Hapo ndipo mimi na mke wangu tukaanza kuongelea makao ya wazee.

Najua mnachotaka kusema. Na mjomba alisema hicho hicho. Sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo kwenye jambo kama hili mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, halafu akasema kwao mzee hatupwi. Nilimbembeleza karibu wiki nzima. Akakubali kwa sharti moja: atashuka mwenyewe kumwona dada yake, na akimkuta kanyong'onyea anampandisha mlimani siku hiyo hiyo.

Mlimani kwa nani sasa? Mjomba mwenyewe anatembelea fimbo. Gari linaishia mbali, na hospitali ndiyo usiseme. Nilijua akipandishwa kule tutamzika mapema. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kukosea.

Na kwa kweli sikuwa na wasiwasi. Kukagua ndiyo kazi yangu bwana.

Makao ya kwanza nilienda peke yangu. Ni ya nesi mmoja mstaafu, kageuza nyumba yake ya familia kuwa makao. Sakafu ya sementi, bati la zamani, uani kuna kuku. Nimefika saa ya chakula cha mchana nikakuta kelele kama stendi.

Mabibi wawili wanagombania kiti cha juani. Mzee mmoja, alistaafu kwenye mashamba ya miwa kule Turiani, amesukuma sahani mbele anamwambia mhudumu kwamba mchele wa Dakawa hauwezi kuwa bokoboko hivi, labda kama mpishi ana ugomvi nao. Mhudumu naye anamjibu kwamba jana alilalamika ni mgumu, basi achague moja ili kesho wasisumbuane. Mzee akasema hachagui, yeye si mpishi.

Mimi nikatikisa kichwa. Kiwandani malalamiko ya mteja ni taa nyekundu. Hapa wateja wote wanalalamika kwa pamoja! Nikamshukuru yule mama, nikala kona.

Makao ya pili yako upande mwingine wa mji. Sitaji jina, mods wa jukwaa wasije wakanipa likizo. Haya sasa ndiyo yalikuwa first class. Geti zuri, bustani imekatwa vizuri, tiles mpaka jikoni. Meneja kijana nadhifu, anaongea taratibu, kila swali ana jibu lake.

Nilikagua kama nakagua kiwanda. Vyoo vikavu na vina vyuma vya kushikilia. Mashuka hayana harufu. Dawa za kila mzee ziko kwenye kiboksi chake. Jikoni nikafungua mpaka sufuria. Hakuna kasoro niliyoipata, na mimi kasoro nazipata hata pasipo na kasoro.

Halafu utulivu. Wazee wamekaa sebuleni wamevaa safi, TV iko chini, hakuna anayemsumbua mwenzake. Nikasema hapa ndipo. Nikampigia mke wangu nikamwambia afunge begi.

Jumamosi tukampeleka. Mama mkubwa kavaa kitenge chake cha kanisani, njia nzima anaangalia milima. Begi lake likatangulia chumbani, mke wangu akabaki huko anapanga nguo. Mimi nikamsukuma mama mkubwa kwenye kiti chake cha matairi mpaka sebuleni akawaone wenzake.

Akaingia mhudumu na sinia la vikombe. Binti mdogo tu, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nadhifu, sare imepigwa pasi.

Kwenye kiti cha karibu na mlango kulikuwa na mzee, nywele nyeupe zote. Alipomwona yule binti akashika mikono ya kiti, akajivuta anyanyuke, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Mzee. Anamwamkia binti.

Na binti akajibu. "Marahaba." Hata hakumwangalia, akaendelea kugawa vikombe.

Wakuu! Nimekagua vitu vingi maishani ila sijawahi kuona kitu kimegeuzwa juu chini namna ile.

Kuna mtu atakuja kuniambia mzee alikuwa kachanganyikiwa, uzee una mambo yake. Nami niliwaza hivyo hivyo, sikutaka kumwonea mtu. Nikamsogelea yule mzee, nikainama, nikamwamkia shikamoo yangu ya heshima kabisa.

Hakunijibu. Alimgeukia kwanza yule binti. Akamtazama usoni kama anaomba ruhusa, ndipo akanirudishia marahaba ya chini chini, ambayo nisingekuwa nimeinama nisingeisikia.

Huyo hakuwa amechanganyikiwa. Huyo alikuwa anajua kabisa anachofanya na kwa nini.

Bibi aliyekaa jirani yake alipofikiwa na kikombe, naye akaamkia. Wa tatu hivyo hivyo. Kumbe ndiyo utaratibu wa kupata chai.

Nikamuuliza meneja. Akatabasamu, akasema wazee wao wamezoeana sana na wahudumu na wana nidhamu nzuri. Nidhamu! Mtu ana wajukuu huyo, nidhamu ya nini tena? Kilichoniuma zaidi ni kwamba jamaa hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anajisifu.

Sikuona mtu akipigwa, na sisemi wanapigwa. Lakini mzee wa Kitanzania, awe Mluguru, Mpogoro au Mchaga, hawezi kumpa mtoto shikamoo bure. Kuna mahali alipitishwa mpaka akafika hapo. Na ule utulivu wote niliousifia ukanielea: watu walikuwa wanaogopa kukohoa.

Mkono wa mama mkubwa, ule mzima, ukanishika suruali. Nikachuchumaa.

"Mwanangu," akasema, wala hakupunguza sauti, "mimi shikamoo ya kumpa mtoto sina. Kama ndiyo inayonunua chai hapa, nirudishe nikalale kwenye sementi yako."

Sebule nzima ilisikia. Yule mzee wa mlangoni alimtazama mama mkubwa kwa muda mrefu sana.

Nikamwita mke wangu arudishe nguo kwenye begi. Meneja alitufuata mpaka kwenye gari akiuliza tumekwazwa na nini, maana yeye hakuona tatizo lolote.

Najua mtaniuliza yule mzee aliishia wapi. Jumatatu nilienda ustawi wa jamii nikaeleza nilichokiona. Walinisikiliza vizuri wakasema watapita bila taarifa. Mpaka leo sijui walikuta nini, na mzee yule bado ananijia kichwani nikiwa kazini.

Jioni ile ile ya Jumamosi nilikuwa nimemrudia yule nesi mstaafu. Wala hakushangaa kuniona. Aliniuliza tu kama mgonjwa anakula samaki.

Mama mkubwa akaingia pale masika yanaanza. Wiki ya kwanza alinipigia simu kila siku: chai nyepesi, godoro gumu, jirani anakoroma. Mke wangu akawa na wasiwasi, mimi nikawa nalala usingizi mzuri. Kwangu alianguka chini na hakulalamika. Kule analalamikia chai.

Ikabaki siku ya mjomba.

Alishuka kutoka mlimani na fimbo yake, uso umefungwa. Nikampokea, nikamwamkia, akanijibu nusu. Kufika makao tukamkuta mama mkubwa uani, bakuli la mchicha mapajani, anachambua kwa mkono mmoja na anawaelekeza wengine kwa kidevu.

Mjomba akaketi. Akamuuliza dada yake hali. Basi mama mkubwa akafunguka. Mboga wanakatakata mapema zinapoteza utamu. Chumvi wanamimina. TV sauti juu. Yule mzee wa miwa ana maneno mengi. Mhudumu amepita hapo hapo na ndoo, akasikia, akacheka, akamwambia bibi asisahau na habari ya uji. Mama mkubwa akasema asante kumkumbusha, akaanza na uji.

Nilimwona mjomba anakaza mkono kwenye fimbo.

Akasimama. "Basi dada, nimesikia. Kusanya vitu vyako twende nyumbani."

Mama mkubwa akamtazama kama kaambiwa kitu cha kipuuzi.

"Twende wapi? Na hawa nani atawaambia?"

Mjomba akaketi tena, akaweka fimbo chini, akavuta bakuli akaanza kumsaidia mchicha. Nilienda nyuma ya banda la kuku nikalia, sioni aibu kuandika.

Kwa hiyo wakuu, tiles kagueni, vyoo kagueni, dawa ulizeni. Lakini mkimaliza, kaeni chini msikilize. Wazee wakigomba, wakikataa sahani, wakimjibu mhudumu na mhudumu akawajibu bila kununa, mwache mzee wako hapo. Ukikuta kimya na heshima nyingi kuelekea upande usio wake, washa gari.

Wa kunipinga karibuni, nipo. Na kama una mzazi kwenye makao, au hata yuko nyumbani kwako na dada wa kazi, nijibu swali moja tu: mara ya mwisho alilalamika lini?