Redio ya Fundi Mukhwana

Mwaka wa tisini na tatu redio za valvu zilikuwa zimebaki kwa wazee na makanisa, na zote zilipougua zililetwa soko la Jericho kwa fundi Mukhwana. Mimi niliuza makaa kibanda cha pili. Kilio cha wateja kilikuwa kimoja: "Fundi, hii kitu haiongei mpaka uizabe kofi."

Mukhwana aliwakaripia. Valvu, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani, husimama kwenye soketi. Vishikio vya soketi vikilegea, sauti hukatika. Kofi huirudisha, lakini huvilegeza zaidi. Basi aliing'oa valvu, akapangusa miguu yake kwa spiriti, kisha akabana kishikio kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, ulimi ukiwa nje.

Na kwake nyumbani? Mganga hajigangi! Redio yake mwenyewe ilizabwa na mkewe, Triza, kila jioni. Mukhwana alisema ataitengeneza kesho, na kesho yake akasema kesho. Soko zima lilimtania.

Jioni moja walikuwa wakila, matangazo ya vifo yakisomwa. Triza mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Msomaji alisema, "Tunasikitika kutangaza kifo cha mama mpendwa…" Kimya. Triza akainuka, akaizaba. Ikarudi: "…mazishi ni Jumamosi. Wote mnaombwa kufika."

"Wamesema nani?" Mukhwana akauliza.

"Sijasikia. Pole zao, maskini."

"Pole zao," naye akasema, akamega ugali.

Wiki iliyofuata binamu yake, Simiyu, alitokea kibandani akitoka kwao Bungoma. Hakusalimia.

"Ndugu, mbona hukuja kumzika mama?"

Mukhwana alikuwa ameshika sindano. "Mama gani?"

"Mama yako! Wewe ndiye kifungua mimba. Tulikungoja utupe udongo wa kwanza, jeneza likakaa juani mpaka wazee wakachoka. Nikautupa mimi."

"Hakuna aliyeniambia."

"Ilisomwa redioni, na jina lako likatajwa. Habari zimfikie Mukhwana wa Jericho, Nairobi. Wewe si fundi wa redio?"

Nimeona watu wakilia, lakini sijaona mtu akikosa hata pa kuanzia. Alifunga kibanda, sindano ingali mkononi. Mimi na Simiyu tukamfuata mpaka kwake, maana niliogopa kumwacha peke yake.

Simiyu ndiye aliyemweleza Triza. Mukhwana aliifungua redio yake mezani, akang'oa valvu, akapangusa, akabana. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa chai kuchemka. Hilo ndilo lililoniudhi, na linaniudhi mpaka leo.

Akaiwasha. Wimbo wa kwaya ukatoka safi. Triza, machozi yakimtiririka, akaipapasa kwa ule mkono wake wa makofi. Haikukatika.

"Imepona," akasema.

"Imepona," Mukhwana akajibu. "Sasa itaniambia nini?"