Mshale Uliozunguka Ukuta

Vita vilipokwisha, baba yangu aliyekuwa askari hakurudi. Mimi na mama tulibaki Mbale, kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Namakwekwe. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini si wako.

Kisha nikapata kibarua Jinja, kwenye kiwanda cha nguo kilichokuwa kinafufuliwa. Kingeletewa kompyuta, na mtaalamu kutoka Kenya alikuja na mchoro wa kiwanda cha kwao, visanduku na mishale: pamba inaingia ghalani kwa mlango wa mbele, inakwenda mashineni. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza wafanyakazi, niurekebishe mchoro ulingane na kazi yao. Nikikosea, kompyuta ingefuata kosa langu, nami ningerudi Namakwekwe mikono mitupu.

Basi nikauliza kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu. Lahaula! Kila niliyemuuliza alisimama wima.

"Pamba inaingia huku?"

"Ndiyo, afande."

"Au kule?"

"Ndiyo, afande."

Afande! Mimi na ushungi wangu! Ningesema pamba inashuka kutoka mbinguni wangekubali. Nilikasirika, halafu hata hasira ikaisha. Kiswahili walichokijua wao kilikuwa cha askari kwenye vizuizi vya barabarani.

Nikaacha maswali. Nikakaa ghalani na mama mmoja aliyepokea pamba, nikamsaidia kushona magunia yaliyochanika. Hapo ndipo nilipoona: kila robota la pamba lilibebwa kuzunguka ukuta mzima, likaingizwa kwa nyuma. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, hapiti mtu.

Baada ya siku kadhaa aliniambia mwenyewe, bila kuinua uso. Mume wake na wenzake walipakiwa kwenye lori la jeshi pale mlango wa mbele. Hakurudi hata mmoja.

"Hapo sisi hatupiti," alisema.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kisha akauliza, "Na wewe, kwa Kiswahili hicho, baba yako alikuwa askari?"

"Ndiyo."

"Wapi?"

Ningeweza kusema Mbale. Nilijua jibu la kweli lingemfunga mdomo, na kibarua changu kingekwenda nalo.

"Hapa hapa Jinja," nikasema.

Alishona mpaka uzi ukaisha. Akaukata kwa meno, akaondoka.

Jioni ile nilichora mshale wa pamba ukizunguka ukuta; mtaalamu akautazama, akacheka. "Dada, mbona unatuzungusha? Mlango si upo?"

"Pamba haipiti hapo. Ukiunyoosha mshale, kompyuta yako itangoja mzigo mlangoni mpaka kiama."

Akanung'unika, akauacha.

Asubuhi yake nilikuwa naingia kwa mbele, kama nilivyozoea. Yule mama alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, ananingoja.

"Mwanangu, usipite huko. Pita nyuma na sisi."

Nikamfuata. Nilizunguka ukuta ule nikilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu baba apotee, na sikujua kama ndiye aliyeliendesha lile lori.