Unyoya ni Unyoya

Mwaka wa sitini na nne, kule Ronge, Zephaniah alikosa usingizi kwa sababu ya mishale ya mdogo wake, Mwandoe. Mwandoe akilenga shina la mgomba, mishale yake inakaa pamoja kama vidole vya ndizi. Ya Zephaniah inatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Wivu ukamshika. Akakaza ugwe wa upinde wake, akaulegeza, akachonga upinde mpya, wapi!

Mwishowe akamnyang'anya Mwandoe upinde. "Lete tuone huo uganga!" Akautumia kupiga mishale yake mwenyewe, ikatawanyika vilevile. Akapiga ya Mwandoe kwa upinde wake mwenyewe, ikakaa pamoja.

Akarudi nyumbani amevimba. Mkewe Tryphena ndiye aliyewapa wote wawili manyoya ya kanga ya kufunga kwenye mishale.

"Shemeji aliomba ya bawa la kulia tu, ili mshale uzunguke upande mmoja," akasema. "Nilipokuuliza wewe, ukasema unyoya ni unyoya. Nikakuchanganyia ya kulia na ya kushoto."

"Na mbona hukuniambia?"

"Mishale ya mdogo wako unaikodolea macho kutwa kucha, baba. Nikadhani umeona."